Ndege Aangikaye Panzi Kwenye Seng'enge

Mwezi uliopita mzee mmoja alifika ofisini kwetu na kipande cha seng'enge mkononi. Katika miiba yake walikuwamo panzi watatu na mjusi mkavu. Alidhani ni kazi ya mchawi, naye alikuwa amekwisha kuazimia kung'oa ua wote na kumshitaki jirani yake mbele ya chifu. Tulimwonyesha mkosaji kwa dirishani: mbwigu, ametulia juu ya waya wa simu.

Sura yake mwaijua. Mgongo mweusi, kifua cheupe, mkia mrefu, na mabegani mistari miwili myeupe ambayo kwa nyuma hufanya herufi V. Jike ana rangi ya kutu kidogo ubavuni. Sauti yake ni ya kukwaruza, lakini akipenda huimba vizuri, tena huiga ndege wengine.

Mbona aangika chakula? Mdomo wake umepindika mfano wa mwewe, lakini miguu yake haina nguvu za mwewe za kushikilia nyama. Basi huichomeka mwibani, akairarua. Akishiba, huiacha pale kama akiba ghalani. Zamani alitumia miiba ya migunga. Sisi tulipoleta seng'enge tulimwongezea bucha. Hata jina lake la kitaalamu, Lanius, kwa Kilatini maana yake ni mchinjaji.

Mbwigu huyu ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara, ila si kwa sura moja. Wa kwetu, humeralis, ana kichwa cheusi kitupu. Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania yuko marwitzi, mwenye mstari mweupe juu ya jicho kama nyusi. Subcoronatus wa Botswana anao pia. Siku hizi wataalamu wengine huwahesabu wa kaskazini na wa kusini kuwa aina mbili mbalimbali. Msimchanganye na yule wa mgongo wa kijivu akaaye makundi-makundi pande za Naivasha.

Mzee aliuliza kama watoto wampige kwa manati. Nikamwambia ahesabu kwanza panzi wale. Kweli mbwigu hula hata vindege wadogo, lakini chakula chake kikubwa ni wadudu, na panzi aliyenyunyiziwa sumu humdhuru naye pia.

Ua haukung'olewa. Jirani hajui hata leo jinsi alivyokaribia kuitwa kwa chifu.