Tujenge Kasha la Redio ya Upepo Ndani ya Gari

Somo letu la leo ni la useremala, lakini si la meza wala kitanda. Leo tunajenga kasha la kushika redio mbili za upepo ndani ya gari. Redio ya upepo ni ile ambayo wengi wetu huiita redio kol. Unabonyeza kitufe, unasema, unaachia, kisha unasikiliza.

Utauliza: redio ya nini siku hizi, na watu wana simu mfukoni? Simu ya mkononi inahitaji mnara. Ukiingia katika misitu ya miombo kusini ya Sikonge, au ukielekea mto Ugalla, zipo sehemu ambazo simu haishiki kabisa. Huko askari wa wanyamapori na magari ya wagonjwa hutegemea redio.

Sisi watu wa Tabora tunajua shida ya habari kuchelewa. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa kwetu. Mpagazi alitembea miezi mitatu au zaidi kutoka pwani. Mwaka 1872 Daktari Livingstone alikaa Kwihara tangu Machi hadi Agosti, akisubiri wapagazi na mizigo kutoka pwani. Muda wote huo hakuweza kuwauliza, "Mmefika wapi?" Tembe lililojengwa upya lipo Kwihara mpaka leo, nenda ukalione. Wapagazi wa Kinyamwezi walijua jambo moja ambalo ndilo somo letu: mzigo ufungwe vizuri kabla ya kuondoka. Mzigo unaocheza begani unamchosha mtu, na njiani unaanguka.

Redio nayo ni mzigo. Sisi tulijifunza hivyo kwa uchungu.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka kutembelea madarasa ya kisomo. Katika kijiji kimoja tukaombwa kumbeba mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu tangu usiku. Gari lilikuwa na redio, lakini haikufungwa popote. Iliwekwa juu ya boksi kati ya viti, imefunikwa kanga ili isipate vumbi. Dereva akakwepa shimo. Redio ikateleza, na kisemeo chake kikaangukia chini ya pedali ya breki. Alipokanyaga, pedali haikushuka! Tuliingia porini na kusimama kwenye kichuguu. Hakuna aliyeumia sana, tunashukuru. Lakini waya wa kisemeo ulikuwa umekatika, kwa hiyo hatukuweza kuita gari jingine. Tulikaa pale saa nne. Mama yule alijifungulia kwenye nyasi, akisaidiwa na mama mkwe wake. Mtoto alipona. Mama alipoteza damu nyingi, akalala hospitali majuma matatu.

Basi, tulipofika Tabora mjini tulimfuata mzee mmoja seremala, tukamweleza. Akacheka kidogo, akasema, "Wanangu, ninyi mmenunua ng'ombe mkasahau kamba." Haya ndiyo aliyotufundisha, pamoja na fundi wa umeme wa magari.

Anza na kupima. Usipime redio peke yake. Kaa kwenye kiti cha dereva. Ingiza gia zote, na ya kurudi nyuma pia. Vuta breki ya mkono. Sogeza kiti mbele na nyuma. Mahali ambapo mkono wala goti halifiki, hapo ndipo pa kasha. Katika Land Cruiser au Land Rover nyingi ni kati ya viti viwili vya mbele, nyuma ya gia. Kama gari lako ni jipya na lina mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali, usiweke kitu chochote mbele ya mifuko hiyo. Kisha tengeneza kasha la maboksi ya karatasi, ulijaribu siku mbili. Sisi tuliona kazi hiyo ni ya kitoto, lakini jaribio hilo lilitufanya tupunguze urefu kwa sentimita 6.

Mbao nzuri ni mninga, kwa sababu hautanuki wala kusinyaa sana kiangazi na masika. Huhitaji ubao mzima. Omba mabaki kwa seremala anayenunua mbao zenye kibali cha misitu. Plaiwudi ya milimita 12 nayo inafaa. Unganisha kwa gundi na skrubu. Misumari usitumie, maana barabara zetu huitikisa mpaka ikatoka.

Redio ya kwanza ikae juu na ya pili chini yake. Kati yao acha nafasi ya vidole vinne, na nyuma yao hivyo hivyo. Redio ikirusha sauti hupata joto, na mapezi ya chuma yaliyo nyuma yake ndiyo yanayotoa joto hilo. Ukiifungia kama mtu kwenye blanketi, itaungua. Toboa matundu pembeni mwa kasha, si juu. Juu kuna chai ya dereva. Kila redio ishikwe na kishikio chake cha chuma kwa bolti, nati na washa ya springi. Chini ya kishikio weka kipande cha tyubu ya zamani. Uso wa redio uinamishwe kidogo kumwelekea dereva, aone namba bila kuinama.

Kisemeo kiwe na ndoano yake, upande ambao mkono unakifikia bila kutafuta. Waya wake ukinyooka wote, usifike kwenye pedali. Pima hilo mwenyewe.

Sasa kufunga kasha kwenye sakafu. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari uangalie. Huko kuna bomba za mafuta, bomba za breki na nyaya. Tundu moja baya linaweza kuteketeza gari. Tumia bolti nne zenye washa pana chini ya bati. Usichomelee, kwa sababu katika magari mengi mfuniko wa gia uko hapo hapo, na siku fundi akitaka kufungua giaboksi atalikata kasha lako kwa msumeno.

Umeme ndio wenye hatari kubwa. Watu hupenda kuchukua umeme kwenye tundu la kuwashia sigara, kwa kuwa liko karibu. Tufanye hesabu. Wati ukizigawa kwa volti unapata ampea. Redio ya masafa marefu inaweza kula wati 240 wakati wa kurusha. Betri ni volti 12. 240 gawa kwa 12 ni ampea 20. Waya mwembamba wa sigara hauwezi mzigo huo. Kwa hiyo vuta nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, moja kwa moja kutoka kwenye betri. Weka fyuzi kwenye waya mwekundu, shubiri moja tu kutoka betri. Kwa nini karibu hivyo? Kwa sababu waya ukichubuka ukagusa bodi kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna cha kuukatia umeme, na moto utawaka. Pale waya unapopita kwenye tundu la bati, uvalishe mpira.

Malori mengi yana volti 24, yaani betri mbili. Usiibe volti 12 kwenye betri moja. Moja itachoka, nyingine itajaa kupita kiasi. Nunua kifaa cha kupunguza volti.

Kwa nini redio mbili? Mawimbi ya redio ya masafa marefu hupanda angani, yakagonga tabaka la juu, yakarudi chini mbali sana, hata mamia ya kilomita. Ndivyo mtu wa Ugalla anavyoweza kusikika Dar es Salaam. Redio ya karibu mawimbi yake huenda kama macho yanavyoona, na kilima huyazuia. Hiyo ni ya kuongea na gari lililo mbele yako. Kila moja ina eriali yake. Ya karibu ni fupi, kama sentimita 50, nayo hukaa vizuri katikati ya paa. Ile ndefu ifungwe kwenye bampa, mbali na ya kwanza, na uikunje unapopita chini ya matawi.

Jambo la sheria: huwezi kurusha sauti kwenye masafa yoyote upendayo. Kibali hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2010. Maliza hilo kabla ya kuwasha redio.

Mzee yule alipomaliza kasha letu alilishika kwa mikono miwili akalivuta kwa nguvu zote, mpaka gari likayumba. Kasha halikucheza. "Sasa nendeni," akasema, "halafu mrudi baada ya juma moja tukaze nati." Tulirudi. Nati mbili zilikuwa zimelegea.

Hesabu ya kufanya katika kikundi: redio ya karibu inakula wati 72 kwenye betri ya volti 12. Ni ampea ngapi? Zikirusha zote mbili kwa pamoja, betri inatoa ampea ngapi?