Nani Anamaliza Bando Lako?

Huku kwetu Ikoma, Serengeti, kompyuta nyingi za nyumbani zinategemea bando la simu. Umeliweka uombe chuo, linakata hata hujafungua fomu.

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona programu zinazofanya kazi kimyakimya, nyingine zinajiwasha zenyewe kila ukiwasha kompyuta. Hukuzichagua wewe! Zima usizozihitaji, kinga ya virusi iache. Kisha kwenye mipangilio ya mtandao, weka kwamba intaneti hiyo inapimwa: masasisho mengi yatasubiri.

Mt. Inyasi wa Loyola alijikagua hivyo dhamiri, mchana na jioni. Kompyuta mimi naikagua Jumamosi. Masasisho ya usalama, lakini, usiyaahirishe mno. Yapakue ukipata bando la usiku.