MAFUTA YA KUCHANGA NA RANGI: KWA NINI MAWESE HAIWEZI



Tangu kundi la wachoraji lianze ile tablo kubwa ya chumba cha kula, swali moja linarudi kila jioni: mafuta ya kitani iko bei kali, mawese iko tele, basi kwa nini tusichange rangi na mawese? Wengine walicheka. Mimi ninaona swali ni la maana, na jibu lake tulikwisha kusoma katika shimi bila kujua.

Rangi ya mafuta ni vitu viwili tu: unga wa rangi, na mafuta ya kuushika. Tunasema rangi "imekauka" kama nguo kwenye kamba. Lakini nguo inapoteza maji. Mafuta ya kitani inafanya kinyume: inavuta oksijeni ya hewa, hata uzito wake unaongezeka, na molekuli zake zinashikana mpaka zinakuwa ngozi moja ngumu. Ili zishikane lazima ziwe na viungo maradufu vingi. Wenye shimi wanapima jambo hili kwa iyode: gramu ngapi za iyode zinaingia katika gramu 100 za mafuta. Kitani inachukua karibu 170 mpaka 200. Karanga karibu 90. Mawese karibu 50 tu. Kwa hiyo ukipakaa tablo na mawese, itabaki mbichi hata mwaka uishe. Asiyesadiki aende kwenye dirisha la labo, kuna vipande vitatu vya kioo. Kitani ilishikana siku ya sita. Zile mbili zingine, leo ni majuma matatu, zinakusanya paka vumbi na nzi.

Kitani ni ile ile ya Biblia: Rahabu aliwaficha wapelelezi chini ya mabua yake (Yoshua 2). Bua linatoa uzi wa kitambaa cha wachoraji, mbegu inatoa mafuta. Kuna pia mafuta ya jozi na ya mbegu za popi, ambayo haigeuki manjano sana, ni nzuri kwa rangi nyeupe na bluu, lakini ngozi yake haina nguvu kama ya kitani. Zamani walifundisha kwamba Jan van Eyck, Mflamandi, ndiye alivumbua rangi ya mafuta, juu Vasari aliandika hivyo mwaka 1550. Sivyo. Tablo ya Gent, ambayo Jan aliimaliza mwaka 1432, ni ya ajabu kweli, lakini mtawa Theophilus alieleza kusaga rangi na mafuta ya kitani katika karne ya 12. Na katika mapango ya Bamiyan, Afganistani, wataalamu walikuta rangi ya mafuta ya karne ya 7.

Sasa maji ya kulainisha. Terebentini inatoka katika utomvu wa misonobari. Angalieni sana neno "esansi"! Ukimtuma mtoto magazini kununua esansi, atakuletea ile ya motokari, na mvuke wake unawaka hata moto ukiwa mbali. Petroli ya taa nayo inaacha mafuta ambayo haikauki. Ombeni terebentini kwa jina lake, na madirisha yafunguliwe, juu harufu yake inaumiza kichwa na kifua.

Rangi ya kwanza iwe konda, yaani terebentini nyingi na mafuta kidogo. Ya juu iwe na mafuta zaidi. Ukigeuza, ngozi ya juu itakuwa ngumu wakati ya chini ingali inatembea, na tablo itapasuka kama matope ya kiangazi. Lakini konda siyo maji matupu: terebentini ikizidi, unga unabaki bila kushikwa, unatoka na kidole. Na kitambaa kipakaliwe gundi kwanza, kwani mafuta ikikigusa inakiozesha polepole.

Imebaki vitambaa vya kupangusia, na hapa sitanii. Ile kazi ya kuvuta oksijeni inatoa joto. Kitambaa kimoja kikitandazwa, joto linakwenda zake. Vikikunjwa na kurundikwa, joto linakaa ndani, linaongezeka, mpaka vinawaka vyenyewe bila kiberiti. Tarehe 23 Februari 1991, katika mji wa Philadelphia, Marekani, vitambaa vya mafuta ya kitani viliwasha nyumba ya orofa nyingi, One Meridian Plaza, na wazima moto watatu walikufa. Siye tunalala mia na zaidi chini ya paa moja. Kwa hiyo hakuna kitambaa kuingia katika chumba cha kulala, hata ndani ya sanduku, hata usiku mmoja. Debe la maji lenye kifuniko liko inje, nyuma ya labo. Vitambaa vyote vinaingia mule kabla ya kengele ya sala ya jioni, na wa zamu anavihesabu.