Vidokezo 9 kwa Admini: Safisha Kundi Lako la WhatsApp

Wengi wetu tumekuwa maadmini bila kuomba. Mtu kafungua kundi la kamati ya harusi, la wazazi wa darasa la tatu au la waliomaliza kidato cha nne pamoja, akakupa cheo, na tangu siku hiyo kila linki ya bando la bure na kila tangazo la mganga wa kurudisha mpenzi ni mzigo wako.

Kwenye barua pepe kazi hii imekuwa ya mashine kwa zaidi ya miaka 20. Agosti 2002 mtaalamu wa programu Paul Graham alieleza jinsi kompyuta inavyoweza kujifunza maneno yanayojirudia kwenye barua taka na kuzikamata kwa hesabu za uwezekano. Leo vichujio vya barua pepe vina ustadi kiasi kwamba taka nyingi hatuzioni kabisa. WhatsApp haiko hivyo. Tangu Aprili 2016 ujumbe wake unafungwa kwa siri kutoka simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, na kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani. Inaweza kuifungia namba inayotuma ujumbe kwa fujo, ila haijui kwamba tangazo lililoingia kundini kwenu saa nane usiku ni la utapeli. Siri hiyo naipenda na sitaki iondolewe. Lakini ina gharama yake: kazi ya kuchuja tumeachiwa wewe, mimi na wanakundi wetu.

Haya hapa ya kufanya.

1. Linki ya kundi usiianike

Taka nyingi huingia kwa njia aliyoifungua admini mwenyewe. Linki ya kualika inawekwa Facebook, inawekwa status, inachapishwa kwenye bango la semina, na yeyote anayeiona anajiingiza. Februari 2020 ilibainika kwamba linki za makundi mengi ya WhatsApp zilikuwa zinapatikana kwa kutafuta tu Google, kwa sababu zilishawekwa hadharani kwenye kurasa za mtandao. Wapo watu ambao kazi yao ni kuzikusanya linki za namna hiyo.

Kundi likiwa dogo, ongeza watu mwenyewe, mmoja mmoja. Ikibidi utumie linki, mtumie mhusika faragha, na watu wakishaingia ibadilishe. Ingia kwenye taarifa za kundi, sehemu ya kualika kwa linki, utaona pa kuiweka upya. Ukishafanya hivyo ile ya zamani haifanyi kazi tena popote ilipobandikwa.

2. Washa idhini, halafu uliza swali la maana

Kwenye mipangilio ya kundi kuna kipengele kinachomzuia mtu kuingia mpaka admini amkubali. Kiwashe. Anayeomba kuingia usimuulize tu "wewe ni nani?", maana hilo kila mtu analijibu. Muulize jambo ambalo mtu wenu tu ndiye analijua. Kundi la wazazi: mtoto anaitwa nani na yuko mkondo gani? Kundi la waliosoma pamoja: ulilala bweni gani, na mwalimu wa hesabu mlimpa jina gani la utani? Kundi la mtaa: mjumbe wetu ni nani? Mtu anayevamia makundi mia kwa siku hana muda wa kutafuta majibu hayo, ataondoka aende kwingine.

Wenye makundi ya Facebook wanaweza kuweka hadi maswali matatu kwa anayeomba kujiunga. Wengi huyaacha wazi, na ndiyo maana makundi yao yamejaa matangazo ya mikopo.

3. Wachunguze wasiosema kitu

Tunamwogopa anayetupia matangazo, tunamsahau aliyekaa kimya miezi sita. Kwenye kundi la kawaida la WhatsApp kila mtu anaona namba ya kila mtu. Mvamizi mwerevu hataandika hata "asante kwa kuniadd". Atachukua namba, asome mazungumzo, ajue mweka hazina ni nani na harusi ni lini, kisha awafuate watu faragha: "Habari, ni katibu wa kamati hapa. Mchango wako sasa upeleke namba hii, ile ya mwanzo imejaa."

Kwa hiyo pitia orodha ya wanakundi mara kwa mara. Ukikuta namba usiyoitambua, uliza mbele ya wote: "Namba inayoishia na 47 ni ya nani? Ajitambulishe au aliyemleta amtambulishe." Ikipita siku moja bila jibu, mtoe. Akiwa mtu halali atalalamika, utamrudisha na utamwomba radhi.

Namba ya michango iandikwe kwenye maelezo ya kundi, na mipangilio iwekwe ili maadmini tu ndio waweze kuyabadilisha maelezo hayo. Kisha tangazeni kwamba namba hiyo haibadilishwi kwa ujumbe wa faragha, hata akitokea mwenyekiti mwenyewe. Hatua hiyo peke yake inaziba mwanya mkubwa kwenye kamati za harusi na za misiba.

4. Taka inapokuja kwa jina la mtu wenu

Hapa ndipo panapouma zaidi. Tapeli akishaiteka akaunti ya mmoja wenu hahitaji linki wala idhini. Tayari yuko ndani, ana picha ya Mama Neema, ana jina la Mama Neema, na watu wanamheshimu Mama Neema. Ujumbe unaingia hivi:

"Wapendwa habari za mchana. Kuna mzungu tunafanya naye kazi anahama nchi wiki hii, anauza friji, TV na makochi kwa bei ya kutupa. Anayetaka anitumie nusu nimshikie. Lipieni namba hii ya mdogo wangu, ya kwangu inasumbua."

Soma tena ujumbe huo taratibu. Kuna haraka, kuna bei isiyoaminika, na kuna namba ya malipo yenye jina la mtu mwingine. Ukiviona hivyo pamoja, simama. Mpigie Mama Neema simu ya kawaida, usimpigie kwa WhatsApp, maana WhatsApp yake iko mikononi mwa mwingine. Asipopatikana mtafute mume wake, mtafute jirani. Wakati unamtafuta, itoe akaunti yake kundini na uwaambie watu wasitume kitu. Kumrudisha ni kazi ya dakika moja, lakini pesa iliyokwishatolewa kwa wakala ni vigumu sana kuipata.

Akipatikana, msaidie kuirudisha akaunti. Afungue WhatsApp kwenye simu yake, aingize namba yake upya na asubiri namba ya uthibitisho yenye tarakimu sita kwa SMS. Akishaiingiza, mvamizi anatolewa. Mara nyingine mvamizi huwa ameshaweka PIN yake ya uhakiki wa hatua mbili. Hapo mwenye akaunti atangoja siku 7 ndipo aweze kuingia bila PIN hiyo, ila naye tapeli anakuwa ameshatupwa nje, kwa hiyo hatua hiyo isicheleweshwe.

Sasa kinga. Akaunti nyingi hutekwa kwa sentensi moja ya upole: "Samahani, nimekosea nikatuma namba sita kwenye simu yako, naomba unirudishie." Namba hizo sita ndizo zinazofungua akaunti yako. Hapewi mtu, awe rafiki, awe mchungaji, awe anayejiita mfanyakazi wa kampuni ya simu. Kisha kila mwanakundi aweke PIN yake mwenyewe: mipangilio, akaunti, uhakiki wa hatua mbili. Akitoka hapo apitie orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na kifaa asichokijua akiondoe. Mkikutana kwenye kikao, fanyeni zoezi hili pamoja kabla ya agenda ya kwanza. Wazee wetu ndio wanaolengwa sana, na wengi hawajawahi kuonyeshwa kipengele hicho kilipo.

5. Mkanye shangazi kwa heshima

Sehemu kubwa ya taka kundini hailetwi na wahalifu. Inaletwa na watu wema. Linki ya "GB 50 bure kusherehekea miaka ya mtandao wako" imetengenezwa hivyo makusudi: ukibonyeza inakuuliza maswali mawili matatu, inakupongeza, halafu inakuambia uisambaze kwenye makundi kadhaa ndipo upate zawadi yako. Zawadi haiji. Shangazi ameshaisambaza kwenye kundi la ukoo, la kwaya na la VIKOBA, na kila aliyeipata amemwamini kwa sababu imetoka kwake.

WhatsApp wamejaribu kupunguza kasi hiyo. Tangu Januari 2019 ujumbe mmoja hausambazwi kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kuzunguka sana unapelekwa sehemu moja tu kwa wakati. Ujumbe wa namna hiyo una mishale miwili juu yake. Wafundishe watu wako kuitazama hiyo mishale: ukiiona, ujue aliyekutumia hakuandika yeye, na huenda hata hajui nani aliandika.

Lakini usimfokee mtu mzima mbele ya wapwa zake. Ufute ujumbe, kisha mwandikie faragha: "Shikamoo shangazi. Ule ujumbe wa bando nimeuondoa, ni wa matapeli, wasije wakabonyeza watoto. Ukipata mwingine nitumie mimi kwanza nikuangalizie." Ukimwandikia hivyo, ujumbe ujao ataupitishia kwako. Ukimwaibisha, atajitoa kundini, na tapeli atamkuta huko nje akiwa peke yake.

6. Wape wauzaji siku yao

Mama anayeuza karanga na kijana mwenye viwanja Kigamboni hawapaswi kufukuzwa kama matapeli. Ni watu wenu, wanatafuta riziki, na kundi linaweza kuwasaidia. Tatizo lao ni kutangaza kila siku mpaka taarifa ya msiba inapotea katikati ya picha za vitenge. Tengeni siku moja, tuseme Jumamosi, kwa matangazo ya wanakundi wanaojulikana kwa majina. Siku nyingine tangazo linafutwa bila maelezo. Nimeona makundi mengi yakitulia kwa utaratibu huu kuliko kwa vitisho vya "nitakuremove".

7. Andika sheria fupi

Sheria za ukurasa mzima hakuna anayezisoma. Hizi zinatosha: linki haiwekwi bila kumuuliza admini, matangazo ni Jumamosi, hakuna kuomba pesa kundini bila kamati kujua, anayeleta "uwekezaji" wa kuzaa mara mbili kwa wiki anatolewa siku hiyohiyo. Ziwekwe kwenye maelezo ya kundi ili anayeingia leo azikute. Na zimguse kila mtu, hata bosi, hata mchangiaji mkubwa. Admini anayemwogopa mtu mmoja ameshapoteza kundi.

Muwe maadmini wawili au watatu, na mmoja awe mtu wa kuchelewa kulala. Wavamizi hupenda usiku. Kama hakuna wa kukesha, badilisha mpangilio ili maadmini tu waandike kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri.

8. Makundi makubwa ya Telegram yanahitaji roboti

Telegram inaruhusu kundi la watu mpaka 200,000, na hapo macho ya binadamu hayatoshi. Washa kichujio chake chenyewe cha taka. Washa pia mwendo wa polepole, unaomlazimisha kila mtu kusubiri muda fulani kabla ya kuandika tena. Kisha ongeza roboti ya ulinzi, Rose kwa mfano, inayoweza kumtaka mgeni athibitishe kuwa ni binadamu kabla hajaandika. Roboti ipewe mamlaka ya kufuta na kuzuia tu. Usiipe haki ya kuongeza maadmini.

9. Ripoti kabla ya kufuta

Tunapenda kufuta haraka tukaendelea na maisha. Hapo namba ya tapeli inabaki hai kwa ajili ya kundi linalofuata. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba na ujumbe. Ripoti ndani ya WhatsApp. Ukiripoti mtu, kampuni inapokea ujumbe wake wa mwisho hadi mitano aliokutumia, na yeye haambiwi. Ndipo ufute kwa wote, kisha umtoe. Ukimtoa bila kufuta, linki yake inabaki palepale ikisubiri wa kuibonyeza.

Kwa Tanzania, namba za matapeli zipeleke 15040, namba iliyowekwa mahsusi kwa taarifa hizo. Kenya, mteja wa Safaricom anapeleka ujumbe wa kitapeli kwenda 333, bure. Na kwa kuwa matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua, ukiwa Tanzania piga *106# leo uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao huo na kitambulisho chako ukaiondoe.