Plagini imekuhesabia bodi ngapi? Kagua kabla hujataja bei

Mteja yuko Marangu, katuma vipimo vya kabati WhatsApp, anataka bei leo leo. Mimi hapa Moshi mjini nachora kwenye SketchUp, halafu plagini ya bure inayoitwa OpenCutList inanipangia vipande kwenye bodi. Wengi mnauliza mbona kwenu orodha inatoka tupu.

SketchUp ya bure ya kwenye intaneti haipokei plagini kabisa, lazima ile ya kuweka kwenye kompyuta. Na faili la .rbz usilifungue kama zip, liingize lilivyo.

Orodha pungufu? Kila kipande kiwe komponenti: kichague chote, bonyeza G. Ukikiacha kundi tu, plagini haikihesabu, na mlango mzima unakosekana kwenye bei yako. Kipo kwenye orodha ila hakipangwi kwenye bodi? Kipake rangi uliyoiita MDF, kisha ndani ya plagini eleza kwamba hiyo ni bodi, uandike unene wake na saizi, 2440 kwa 1220 mm.

Sasa hela inapopotelea ni kwenye msumeno. Upana wa 1220 ukitoa vipande viwili vya 610, kwa macho imetosha. Msumeno unakula kama mm 3, cha pili kinabaki 607. Ijaze hiyo 3 (muulize anayekukatia, misumeno haifanani), utaona plagini inadai bodi nyingine. Ukishapokea advansi, hiyo bodi unainunua wewe, na nauli ya kupandisha mzigo Marangu iko palepale.