Wahadzabe wa Ziwa Eyasi

Kaskazini ya Singida Mjini, kandokando ya Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe. Kwa desturi yao hawalimi wala hawafugi. Wanaume huwinda kwa upinde na mishale ya sumu, nao hurina asali. Wanawake huchimba mizizi kwa vijiti vilivyochongwa na kuokota ubuyu. Chakula kikipungua, huacha vibanda vyao vya nyasi na kuhamia penginepo.

Jirani akiona kibanda kitupu husema, “Watu hawa wanatangatanga tu, nchi hii haina mwenyewe.” Sivyo. Huondoka kufuata chakula, kisha hurudi. Lakini kwa kudhaniwa hivyo, sehemu kubwa ya nchi yao imegeuzwa mashamba na malisho. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya ardhi yao.

Basi, atakaye kujua habari zao asitosheke na maneno ya majirani. Na awaulize wazee wao wenyewe, kwa maana historia yao wameihifadhi vichwani.

Maswali
1. Kwa nini Wahadzabe huhama?
2. Kibanda kitupu chaonyesha nini?