Soma Lebo ya Mkate Kabla ya Kununua

Kwa familia nyingi za Kibera na Kawangware, chai na mkate ndicho kiamshakinywa cha watoto kabla ya kwenda shule. Dukani, mkate wa gramu 400 huuzwa mzima, nusu au kwa vipande. Anayenunua vipande huenda nyumbani bila karatasi iliyoandikwa viungo na tarehe ya mwisho ya kutumika.

Mkate unahitaji vitu vinne tu: unga wa ngano, maji, hamira na chumvi. Viwanda huongeza vingine, na kwenye lebo huenda ukakuta namba hizi:

• E300: vitamini C, huimarisha unga uliokandwa ili uumuke vizuri.
• E282: huchelewesha kuvu.
• E471 na E481: huufanya mkate ubaki laini.
• E150: rangi ya karameli.

Viungo hivi si sumu. Huruhusiwa kwa viwango maalum. Shida huja pale mlo wa kutwa unapotegemea vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, watu 20 walipopewa vyakula hivyo walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku kuliko walipopewa vyakula visivyosindikwa hivyo.

Kiungo cha kuepuka ni E924, yaani potasiamu bromati. Mwaka 1999 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiorodhesha miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1990, India mwaka 2016.

Mambo ya kufanya

1. Ukinunua nusu au vipande, mwombe mwenye duka akuonyeshe karatasi.
2. Angalia kiungo cha kwanza. Ndicho kingi zaidi. Mkate wa kahawia si lazima uwe wa ngano nzima. Huenda ni rangi tu.
3. Hakikisha alama ya KEBS: tuma SM# na namba ya kibali kwa 20023.
4. Mkate ukiota kuvu, usikwangue. Tupa wote.
5. Chemsha viazi vitamu au mihogo jioni, moto ukiwa bado jikoni, mle asubuhi kwa chai.

Ibara ya 46 ya Katiba inakupa haki ya kupata maelezo kuhusu bidhaa unayonunua. Ukiuziwa mkate usio na lebo au uliopitisha tarehe, mjulishe afisa wa afya ya umma katika kaunti ndogo yako.